Kabla hujainua pua ya pikapu yako

Masika yakianza maswali ya mbolea hupungua, ya magari yanaongezeka. Mimi ni bwana shamba, si fundi, ila mazao yenu yanafika sokoni kwa pikapu. Wiki iliyopita nilimkuta kijana chini ya Hilux iliyoshikiliwa na jeki moja na matofali mawili. Nilimwambia atoke kwanza, salamu baadaye. Tofali hupasuka ghafla, halitoi onyo.

Egesha mahali tambarare na pagumu. Weka kabari tairi za nyuma na vuta breki ya mkono. Jeki ni ya kuinulia tu. Chesisi ikae juu ya stendi mbili za chuma. Litikise gari ukiwa nje, ndipo uingie.

Hilux nyingi za zamani zina mbele vyuma viwili virefu vinavyofanya kazi ya springi kwa kujisokota, kila kimoja na bolti yake ya kurekebishia. Geuza bolti hizo tairi zikiwa zinaning'inia, la sivyo utakula nyuzi. Pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Kaza kidogo, shusha, sogeza gari mbele na nyuma, pima tena. Sentimita 3 zinatosha. Ukizidisha, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, buti zinachanika, na gari linarusha kama punda.

Kama pikapu yako ina springi za mviringo, hapo mpe fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Ile nati ya katikati, juu ya shokapu, ukiifungua springi ikiwa imebanwa, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu.

Wengi mnasahau jambo moja: mkipakia magunia nyuma, pua hupanda yenyewe. Ukiwa umeshaiinua, usiku taa zinampiga machoni dereva anayekuja. Kwa wabebaji wa mahindi, mara nyingi kinachohitaji kutazamwa ni springi za nyuma zilizochoka.

Ukimaliza, kata usukani mpaka mwisho pande zote uone mipira ya breki haivutwi. Shusha taa. Halafu peleka gari likapimwe mwelekeo wa tairi siku hiyohiyo, kabla ya kupakia chochote. Tairi za mbele zilizokaa upande huisha upesi, na bei yake mnaijua.