Geto si matembezi, mpeleke mwenzio mjini!

Wiki hii tuambiane ukweli bila kupepesa macho. Ukimsikia kijana wa Dar anamwambia msichana "Jumamosi tutoke basi", mara nyingi maana yake ni moja tu: njoo geto. Kapanga chumba kimoja Sinza kwa Remmy au Tandale, kafagia, kanunua soda mbili, kaazima spika kwa jirani, basi kwake hiyo ndiyo wikiendi imekamilika.

Kaka zangu, geto si matembezi. Msichana anayekuja chumbani kwako siku ya kwanza anakuja roho juu. Anahesabu hatua za kutoka mlangoni hadi barabarani, anamwandikia shosti wake ujumbe wa kumwambia yuko wapi. Na wewe mwenyewe hutamjua kwa staili hiyo. Hujamwona akimjibu konda, hujamwona akikaa kwenye foleni na njaa, hujui anamwongelesha vipi mama muuza maandazi. Mambo hayo hayaonekani kwenye godoro la futi nne kwa sita.

Visingizio navijua. Sina mkwanja. Dar ghali. Jua kali. Hilo la jua nakubaliana nalo, tena mia kwa mia. Hayo mengine ngoja tuyachambue.

Ughali wa Dar una anwani yake, si kwamba umetapakaa kila kona. Jamaa mmoja wa Temeke alijitutumua akampeleka binti kwenye mgahawa wa pembeni mwa bahari, wa wenye nazo. Juisi mbili na sahani moja ya chipsi zikala nauli yake ya wiki nzima. Akaishia kunywa maji, anadai eti amefunga! Dakika tano nyuma yake alikuwa ameonja chipsi! Binti hakusema kitu, lakini alishamsoma kitambo. Sisi wasichana tunajua mapema, jamani. Tunaangalia macho ya mtu yanavyosoma menyu. Akianza na upande wa bei, tumeshaelewa. Na kilichomuudhi yule binti haikuwa kuchacha kwa jamaa, maana nani hajawahi kuchacha mji huu? Kilichomuudhi ni ile sinema. Siku ya pili hakupokea simu.

Kwa hiyo kabla hamjatoka, semeni bajeti. "Nina elfu kumi na tano, tunafanyaje?" Mtu akikukimbia kwa sababu ya sentensi hiyo, amekupunguzia gharama.

Haya, tuingie mjini. Wekeni miadi pale kwenye Sanamu la Askari, katikati ya Posta, saa tatu asubuhi kabla jua halijakasirika. Wazee wengine wanaliita Sanamu la Bismini. Jina hilo ni mabaki ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ambaye sanamu yake ilikuwa hapohapo kabla huyu askari wa shaba hajasimikwa mwaka 1927. Tayari umeshapata la kuanzia maongezi, maana kuna watu wakikutana na kisura wanaishia "mambo", "poa", kimya.

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani kwa ajili ya kujaribu miche. Miti ni mikubwa, kivuli kimeshiba, ukibahatika utaona na tausi. Ni moja ya sehemu chache za katikati ya jiji ambazo watu wawili wanaweza kukaa bila mhudumu kuja kuwauliza mara tatu watatumia nini. Hilo ndilo tatizo la Dar, kama hamjaligundua. Mji una watu mamilioni, vijana wengi wanaishi kwa wazazi au wamebanana wanne chumba kimoja, halafu mahali pa kukaa bure na kuongea ni pa kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana geto zinashinda.

Pembeni ya bustani kuna Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Najua, umeshakunja uso, unakumbuka safari ya darasa la tano. Rudi ukiwa mtu mzima. Jengo lilifunguliwa mwaka 1940, na ndani yake utakuta habari za Zinjanthropus, lile fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, la binadamu wa kale wa miaka milioni moja na robo tatu hivi iliyopita. Utaona pia magari waliyopanda wakubwa wa nchi enzi hizo. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Saa moja inatosha, msilazimishe kusoma kila kibao.

Sasa njoo kwenye mambo yenyewe. Pantoni!

Tembeeni taratibu mpaka Feri, Magogoni. Mkipita karibu na Ikulu simu zikae mfukoni, msije mkamaliza matembezi mkijieleza kwa askari. Kwa mtembea kwa miguu nauli ya pantoni kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200. Mia mbili, wajameni! Kwa pesa hiyo unapata bahari, upepo, meli kubwa zinazoingia bandarini, na mji mzima unauona kwa nyuma kama kwenye kadi ya posta. Kuna watu wa nje wanalipa madola kupanda boti kuona kitu hichohicho.

Lakini raha ya kwanza ya pantoni ni lile banda la kusubiria. Hapo ndipo utamjua mwenzio. Mnasimama mmebanana na wenye baiskeli, wenye ndoo za samaki, wanafunzi, mama na mtoto mgongoni. Geti likifunguliwa watu wanatimka kama wamefukuzwa na nyuki. Je, jamaa anakushika mkono au anakimbilia nafasi yake peke yake? Je, binti anampisha yule bibi mwenye kapu au anampiga kikumbo? Shosti wangu mmoja alimkubali mumewe hapo. Jamaa alibeba ndoo ya mama asiyemjua mpaka ng'ambo, suruali ikalowa maji ya samaki, hakulalamika. Mpaka leo wana watoto wawili. Mkoba ushikeni kifuani lakini, vibaka nao wanapenda pantoni.

Safari yenyewe ni fupi, dakika kama kumi. Pandeni juu kama kuna nafasi. Ng'ambo chukueni daladala au bajaji hadi fukwe za Mjimwema. Kule mchanga ni mweupe na maji ni masafi kuliko ya huku mjini. Sehemu nyingine wanatoza kiingilio siku za wikiendi, kwa hiyo ulizeni getini kabla hamjavua viatu. Na samaki, tafadhali sana, patana bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Akishakaangwa ni wako, hata kama bei yake ni ya papa mzima.

Mkiona foleni ya kurudi imekuwa kubwa, kuna Daraja la Nyerere la Kurasini, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Linafaa kwa mwenye haraka. Kwa wapenzi mimi naona ni wizi wa safari. Bahari unaivuka huku umefungiwa kwenye gari, ya nini?

Mkirudi Feri jioni na tumbo linadai, kwenye soko la samaki kuna kina mama wanakaanga samaki na pweza, na jamaa wenye masufuria ya supu ya pweza. Kaka, ukiagiza hiyo supu mbele ya binti ujue muuzaji atakukonyeza na wateja wote watageuka. Sifa za pweza mjini hapa kila mtu anazijua. Kama hamjafikia utani wa namna hiyo, agiza changu wa kukaanga uondoke na heshima yako.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili mwachie mwenzio apumzike au aende ibada, halafu saa kumi jioni mkutane Coco Beach, Oysterbay. Ndiyo, najua kila mtu anaitaja Coco. Inatajwa kwa sababu ni yetu. Nyumba zilizo ng'ambo ya barabara ni za mabalozi na matajiri, lakini ufukwe wenyewe unaingia na kandambili zako kutoka Manzese na hakuna anayekuuliza. Kulishawahi kuzuka mvutano mrefu juu ya kumpa mwekezaji eneo lile, watu wakapiga kelele, na ufukwe ukabaki wa umma. Mkikaa pale mkumbuke kwamba kuna mahali kama hapo pengi tu palipokwenda bila kelele.

Cha kula ni mihogo. Usije na habari za baga. Mihogo ya kukaanga inayopasuka ikiguswa, kachumbari juu, na chachandu ya kukufanya utafute dafu bila kupenda. Mishikaki ipo kwa mwenye nafasi. Kuleni sahani moja kwa mikono miwili tofauti, muone nani anaiba kipande cha mwisho. Kuogelea sipendekezi kwa asiyejua maji, pale kuna mawe na mawimbi yana hasira bahari ikijaa. Tembeeni tu pembeni.

Kama Jumapili hiyo inaangukia Simba na Yanga, mipango mingine yote ifuteni. Yanga imezaliwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na ugomvi wao umedumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000. Nunueni tiketi za mzunguko mapema, maana siku yenyewe ni kasheshe. Utamu ni pale mmoja akiwa mwekundu na mwingine kijani. Mtu anayeweza kufungwa na mtani wake, akachekwa njia nzima kutoka Taifa hadi Buguruni, na bado akakununulia karanga, huyo ana moyo. Na yule atakayenuna na kukuacha kituoni amekuonyesha rangi zake mapema, tena kwa bei ya tiketi moja.

Wapenda sinema siwasahau. Wazazi wetu walikuwa na Empire, Odeon, Avalon, na ile Drive-In ya Msasani, ambako watu waliangalia filamu wakiwa ndani ya magari, na wasio na magari walikuwa na mbinu zao. Muulize mama yako, atacheka halafu atabadilisha mazungumzo. Mahali hapo sasa pamesimama ubalozi wa Marekani. Siku hizi sinema ni Mlimani City na kwingineko kwenye kiyoyozi. Si mbaya. Ila saa mbili gizani mmenyamaza, mkitoka kila mmoja anarudi kwao, kwa siku ya kwanza mimi naona ni hasara.

Na muziki? Msondo Ngoma wanapiga dansi tangu mwaka 1964, Sikinde tangu 1978. Ulizia wiki hiyo wanapiga ukumbi gani. Bendi za zamani zina faida moja: watu wazima ni wengi, mtaa unaheshimiana, na mwendo wa rumba unaruhusu kuongea. Klabu za muziki wa kisasa mnapigiana kelele masikioni usiku kucha mnaambulia koo kukauka.

Hapa kwenye usiku niseme kitu, na kaka zangu mnisikilize. Binti wa Mbagala, Chanika au Bunju hawezi kukaa mpaka saa tano halafu umwambie "panda boda, utafika". Kwao kuna mama amekaa macho wazi, na kesho majirani wana maneno. Ukimtoa mtu, mpango wa kumrudisha unaanza kabla ya mpango wa kula. Nauli ya kurudi iwekwe pembeni, isiguswe hata kama mishikaki inanukia vipi. Ukimsindikiza kituoni, subiri gari liondoke, halafu andika namba za gari. Mambo madogo hayo tunayasimuliana sana kuliko hoteli mlizotupeleka.

Na wewe shosti, beba chako. Nauli ya kwenda na kurudi iwe kwenye mkoba wako, hata kama jamaa ana gari. Mwenye nauli yake anaweza kusema "mimi naondoka" saa yoyote anayotaka. Halafu hakuna ubaya siku moja ukanunua wewe mihogo. Mkono hautaanguka.

Wale ambao mmeshazoeana na Dar imewachosha, kusanyeni pesa mwezi mzima mpande treni ya umeme mwende Moro. Ilipoanza safari hizo Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 13,000, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ilikuwa 52,000. Ulizeni bei ya sasa kabla hamjapanga. Basi linaweza kula saa nne au zaidi kwa foleni ya Kibaha na Chalinze, treni haifikishi mbili. Mnaondoka asubuhi, mnakula mchana chini ya milima ya Uluguru, mnanunua ndizi na matunda sokoni, usiku kila mtu yuko kwao na hakuna aliyelazimika kudanganya kwamba amekwenda kwa shangazi. Kateni tiketi mapema, bebeni kitambulisho, na mfike stesheni muda mrefu kabla ya safari, kwa sababu treni hiyo haimsubiri mtu anayepaka poda.

Jioni ukitokea mlimani huwa kuna kaubaridi fulani pale Moro. Bebeni sweta. Moja inatosha.