Maongezi ya Wenye Kisukari

Yako magonjwa yamlazayo mtu kitandani, hata kila apitaye mlangoni humsikia akiugua, akaingia kumpa pole. Kisukari si hivyo. Mwenye kisukari huenda shambani, huimba kanisani, hubishana sokoni juu ya bei ya dagaa, na amtazamaye hajui lo lote. Ugonjwa wake huonekana pale anapowekewa chakula. Ndiyo sababu sisi kwa sisi twauita ugonjwa wa mezani. Na mara nyingi meza yenyewe ni ya mtu mwingine.

Sisi tusemao haya ni watu wa Mpanda na wa vijiji vya mkoa wa Katavi, ambao kila mwezi hukutana katika benchi refu la kliniki kungoja kupimwa. Yuko mvuvi mzee wa Karema. Yuko mama wa Makanyagio apikaye maandazi ambayo mwenyewe hayaonji. Yuko mkulima wa mpunga kutoka Usevya, na mfuga nyuki wa Inyonga, na mabibi wawili wa Katumba waliokimbia Burundi wakiwa vijana mwaka wa 1972; tena yuko msichana wa shule anayejidunga sindano tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa. Wengi wetu hufika asubuhi na mapema bila kula, kama tulivyoagizwa. Basi watu wenye njaa wakiketi pamoja muda wa saa tatu, hawana budi kuzungumza, na wenye njaa huzungumza juu ya chakula.

Hata salamu zetu zina namna yake. Baada ya kuamkiana, huulizana tarakimu.

"Shikamoo, baba. Umeamka na ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka na kumi na moja."

"Kumi na moja! Jana ulikula nini?"

"Mwanangu, usiniulize mbele ya watu."

Hapo benchi zima hucheka, maana wote twajua ya kuwa juma lile kulikuwa na arusi. Msomaji asiyejua tarakimu hizi na asikie: mtu mzima wa afya, akiamka kabla ya kula, damu yake huwa na sukari ya kiasi cha nne au tano na kitu. Wengi wetu huambiwa na waganga wa hospitali tuwe kati ya nne na saba. Ikizidi hapo siku nyingi, huharibu macho, na mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguuni, polepole, bila kupiga kelele. Ikishuka chini ya nne, hatari i karibu, wala haiji polepole. Juu ya hiyo tutasema baadaye.

Siku moja mabishano yalikuwa juu ya asali. Ninyi mnaoijua Inyonga mwajua asali yake ya miombo, nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua ya porini. Yule ndugu mfuga nyuki alishikilia ya kuwa asali haimdhuru mwenye kisukari, kwa kuwa haikutengenezwa kiwandani. "Hii ni ya Mungu," akasema. Mwuguzi aliyekuwa akiandika majina wala hakuinua kichwa. Alijibu, "Hata miwa ni ya Mungu." Tulicheka sana, na mwenye nyuki akacheka pia, ila tangu siku ile huiuza asali yake yote. Kweli ni kwamba asali ni sukari, na damu haiulizi imetoka mzingani au dukani.

Wali wa Mpimbwe nao una kesi yake. Wako waliokuja kliniki wakidhani watakatazwa wali na ugali maisha yao yote, wakarudi nyumbani kana kwamba wamefiwa. Mama wa Makanyagio huwafundisha vema kuliko sisi wengine. Huchora sahani kwa kidole hewani: nusu yake mchicha, kisamvu au mlenda, robo maharage, au mgebuka wa ziwani, robo iliyobaki ndiyo ugali, na uwe wa dona ukiweza. "Ugali hukufukuzwa," husema, "umeambiwa usogee." Usemi huu umesaidia watu wengi katika benchi letu.

Lakini sahani ya nyumbani kwako ni rahisi. Shida ni sahani ya ugenini. Kwetu mgeni hupikiwa kwa moyo, akachinjiwa kuku, akanunuliwa soda hata kama mwenye nyumba mwenyewe hajanywa soda tangu Krismasi. Mgeni akibakiza, amemdharau mwenyeji. Na ile soda moja ndogo ya chupa ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi! Nani kati yetu angemeza vijiko vinane mfululizo kwa hiari yake? Lakini kwa heshima twameza.

Mkulima wa Usevya alitusimulia alivyokwenda kwa wakwe wa binti yake. Alikula kila kilichowekwa, akanywa soda mbili, akalala usiku kucha akienda nje kukojoa na kurudi kunywa maji. Asubuhi wenyeji waliona sisimizi wamejaa mahali pale, wakanong'onezana. Yeye alijua maana yake. Wao hawakuijua, wakafikiri mambo mengine. Aliona haya kubwa, akaapa hatakwenda tena. Nasi twajua watu walioacha kuwatembelea ndugu zao kabisa kwa sababu hiyo hiyo, hata wakasemwa kwamba wana kiburi.

Mama wa Makanyagio akamwambia, "Kaka, ulinyamaza mno. Mwenyeji akisha kuipua sufuria, umechelewa. Kukataa wakati huo ni kumtukana. Sema moto ukiwa bado haujawashwa. Mwambie: Mkwe wangu, naomba mboga nyingi, na ugali mdogo kama ngumi yangu, na maji. Nina ugonjwa wa sukari, nami nataka kuja kwenu miaka mingi."

Mwezi wa pili mkulima alirudi na habari. Alikwenda, akasema maneno hayo karibu kama alivyofundishwa. Mama mkwe alinyamaza, akaketi chini. Kisha akasema ya kuwa ndugu yake alikatwa mguu kabla hajafa, na nyumbani hawakupata kuutaja ugonjwa wake kwa jina, walisema amerogwa. Akauliza kipimo ni cha namna gani, na kama kinaumiza. Siku chache baadaye mama yule alikwenda kupimwa. Sasa naye yu mmoja wetu. Twaona habari hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Shirikisho la Kisukari la Dunia lilikadiria mwaka wa 2021 kwamba watu wazima wapata milioni 537 duniani wana ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui. Katika upimaji uliofanyika Tanzania mwaka wa 2012, kati ya watu wa miaka 25 hata 64 walionekana karibu 9 katika kila 100. Mtu mmoja akisema wazi jikoni, aliye pembeni yake huenda akajigundua.

Mvuvi mzee hupenda kuketi karibu na yule msichana wa shule. Siku moja alimwuliza, "Mjukuu wangu, hii sindano yako ilianza lini? Utotoni kwetu Karema hatukuiona." Msichana hakujua, na swali lake lafaa kujibiwa.

Mwaka wa 1889 alifika Karema Adrian Atiman, yule aliyetekwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Alitibu watu pwani ya Tanganyika hata alipofariki mwaka wa 1956. Basi mwaka ule ule wa 1889, huko Strasbourg, wataalamu Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, wakaona mkojo wake umejaa sukari. Hivyo ikajulikana kiungo kinachohusika, lakini dawa haikupatikana upesi. Mwaka wa 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa maji ya kongosho yenye nguvu ya kushusha sukari, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kufa, akadungwa dawa hiyo. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa wa namna ya msichana wetu alikufa, awe amezaliwa Karema au London, na hata tabibu hodari kama Atiman hakuwa na la kumpa. Wavumbuzi wale waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, wasitake mtu aihodhi.

"Dola moja!" akasema mzee. "Basi huko dukani wanauza nini?" Tulicheka, lakini si sana, maana wako kati yetu waliopata kugawa chupa moja kwa miezi miwili.

Msichana yule hana friji kwao, na jua la Mpanda mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, si la mchezo. Bibi yake alifundishwa kliniki kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Chupa za insulini hufungwa katika kopo lisiloingia maji, zikawekwa ndani, kivulini, mahali penye upepo. Kila mara mgeni akiingia hutaka kuchota maji ya kunywa humo, na bibi humkemea.

Kuna nafasi katika benchi ambayo twapita bila kusema. Ilikuwa ya kijana mmoja mcheshi, mwenye ugonjwa wa namna ile ile ya msichana. Katika mkutano fulani wa maombi aliambiwa amekwisha kupona, azitupe chupa zake kuwa ushuhuda. Alizitupa. Juma la pili halikwisha. Sisi ni watu wa sala, nasi tulisali kwa ajili yake tulipomzika. Neno letu ni juu ya yule aliyemwambia atupe. Aliyeponywa kweli hupimwa, na kipimo hakiogopi muujiza. Kadhalika wako wanaojitesa kwa kufunga siku za Kwaresima huku wakimeza vidonge vyao. Waende kwa mapadre na wachungaji wao wakaulize, nao watajibiwa ya kuwa mgonjwa hakulazimishwa.

Tulisema tutaitaja ile hatari ya sukari kushuka. Mvuvi mzee ilimpata ufukweni. Alimeza vidonge alfajiri, akaenda kungoja mitumbwi, mitumbwi ikachelewa, asile kitu. Ikatoka jasho baridi, mikono ikatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Watu walicheka. "Babu leo ameanza mapema," wakasema, na mmoja akamsukuma akaanguka mchangani. Mzee huyu hajanywa pombe tangu kipaimara cha mwanawe wa kwanza! Ikawa bahati kwamba mama mmoja muuza samaki, ambaye mumewe ana kisukari, alimtambua. Akakoroga sukari katika kikombe cha maji, akamnywesha. Baada ya robo saa mzee aliketi, akaulizia kofia yake.

Ninyi mnaotusoma, mkimwona mtu wa namna hii, msimhukumu kwanza. Kama aweza kumeza, mpeni sukari upesi, au ile ile soda tuliyoisema vibaya. Sasa ndiyo dawa. Kama amezimia, msimtie kitu kinywani, asije akapaliwa. Mlazeni ubavu, mkamkimbize zahanati. Mzee wetu siku hizi hutembea na peremende katika mfuko wa shati. Watoto wa Karema wamekwisha kujua, nao humwamkia kwa bidii kuliko zamani.

Tungependa kueleza pia habari za miguu, jinsi mkulima wetu alivyochomwa na bua la mpunga asisikie kitu, mpaka mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Tangu hapo haingii shambani peku, na kila usiku mama huyo humulika nyayo za mumewe kwa taa, kidole kwa kidole. Mume alituambia ya kuwa katika miaka thelathini ya ndoa hajatazamwa hivi.

Mwezi uliopita palikuwa na msiba Makanyagio, na wengi wa benchi letu tulikwenda kuhani. Wanawake walileta chai kama desturi. Mabirika yalikuwa mawili, na moja lilifungwa kitambaa chekundu mkononi. Mgawaji alipita akiuliza kila mtu kwa sauti ya kawaida, "Lenye kitambaa, au lisilo nacho?" Tulihesabu vikombe vilivyomiminwa kutoka lile lenye kitambaa. Vilikuwa kumi na tisa, na sisi wa kliniki tulikuwa saba.