Kuingia Si Kukaa



Wewe uliyerithi Datsun 240Z ya babako, nimeona picha ya rimu ulizotoa kwa Corolla NZE 121. Zinang'aa kweli. Umeniuliza, "Pastor, si mashimo ni manne kwa manne?" Nakujibu hapa, maana wengi hubadilisha rimu bila kuuliza.

Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka wa 1971, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Liheshimu.

Kwanza, kuhesabu mashimo hakutoshi. Pima mduara unaopita katikati ya studi zote. Kwa 240Z ni milimita 114.3. Kwa rimu zako ni 100. Fundi akikwambia atachonga mashimo yapanuke, chukua rimu zako urudi nyumbani.

Pili, tuseme umepata rimu za 114.3. Angalia ofseti. Magari mengi ya siku hizi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ofseti kubwa, nayo huingiza gurudumu ndani. Kwa 240Z, tairi linaweza kugusa strati. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, usikilize kama linasugua. Tundu la katikati nalo lazima lipite kwenye habu. Lisipopita, rimu haitalala sawasawa hata ukaze vipi.

Tatu ni nati, na hapa ndipo watu huangamia. Studi za Nissan na za Toyota zote zina unene wa milimita 12, lakini nyuzi za Nissan zimepishana milimita 1.25, za Toyota 1.5. Nati ya Toyota itashika kidogo, utailazimisha kwa spana, na utadhani imekaza. Kumbe umekata nyuzi. Itavumilia hapo mtaani, halafu ikuachilie ukiteremka Mai Mahiu, mkeo yuko kando yako na matatu iliyojaa watu iko mbele.

Mpendwa, kuingia si kukaa. Si kila kinacholazimishwa kikaingia kimepata mahali pake, iwe ni rimu, kazi au ndoa. Pima kabla ya kulipa. Ukishafunga zinazofaa, tembea kilomita 80 hivi, kisha kaza nati tena. Babako alikuachia gari ulifurahie, si likuzike.

Mtumie ujumbe huu ndugu yako anayependa magari.