Nilivyokwenda Kutazama Kariakoo

Wasomaji waliopata kufika Nairobi wanaijua Kariokor, mahali panapouzwa vyondo na nyama ya kuchoma. Nadhani si wengi waliopata kufikiri jina hilo limetoka wapi. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza walikusanya wapagazi wengi mno wa kulichukulia jeshi mizigo katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, na kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka jina hilo kama ndimi zao zilivyoweza. Wapagazi hao walikuwa na kambi Nairobi. Na Dar es Salaam nako, baada ya mji ule kutwaliwa mwezi wa Septemba 1916, walipiga kambi. Leo mahali pote pawili ni soko, na majina ni karibu kuwa moja.

Baba yake babu yangu alichukuliwa kutoka Alego mwaka wa 1917, wakati wapagazi walipokusanywa kwa nguvu, wala hakurudi. Haikuja barua, wala hakuja mtu aliyesema kwamba alimwona akifa. Wazee walingoja miaka mingi, kisha wakazika tunda la mti wa yago mahali pake, kama ilivyo desturi yetu Wajaluo mwili usipopatikana. Kaburi lile lipo nyuma ya nyumba ya baba yangu, nami nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kulipalilia.

Basi nilipopata likizo mwezi wa Aprili 2019, mke wangu alinituma Dar es Salaam nikamnunulie kanga na vitenge vya kuuza. Baba aliposikia akaniambia, "Ukifika huko Kariakoo, tazama." Sikumwuliza nitazame nini. Habari za basi sitazieleza, ila miguu ilinivimba.

Nilifika sokoni alfajiri. Jengo lenyewe lilinistaajabisha, kwa maana paa lake lilikuwa kama miavuli mikubwa iliyofumuliwa na upepo, ikatazama juu. Mwenye kulichora alikuwa Mtanzania, Bwana Beda Amuli, nalo lilifunguliwa mwaka wa 1975. (Liliungua mwezi wa Julai 2021, miaka miwili baada ya safari yangu; niliposoma habari zile nilihuzunika kana kwamba nilikuwa na duka humo.) Chini ya ardhi palikuwa na orofa nyingine nzima, imejaa vyakula. Huko niliona machungwa ya Muheza, ambayo ngozi yake ni ya kijani na ndani yameiva. Niliona mchele wa Kyela, ambao wauzaji wanausifu kwa harufu yake hata kabla hujauliza bei. Niliona nazi, viazi, tangawizi, na pilipili za kila namna. Mimi ni karani, nami nilikuwa na daftari mkononi nikiandika bei, mpaka kijana mmoja akaniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Nikalitia daftari mfukoni.

Kwenye dagaa nilikaa sana. Wale wa Kigoma wanatoka Ziwa Tanganyika, na bei yao ilikuwa juu. Lakini kando yao palikuwa na dagaa wa Mwanza, nami nilipowachukua kiganjani nikawatambua mara moja. Ni omena hao, samaki wa ziwa letu. Nilikuwa nimesafiri usiku na mchana nikakutana na harufu ya jikoni mwa mama yangu.

Kisha nikala. Mama ntilie mmoja, ndivyo wanavyowaita wanawake wanaopikia watu kando ya njia, alinipa supu ya kongoro, yaani miguu ya ng'ombe, pamoja na chapati mbili na ndimu. Nilimwambia, "Nipe chumvi." Akanitazama kwa upole, akasema, "Wakenya nyinyi mnaamrisha. Sema, naomba chumvi." Watu waliokuwa mezani wakacheka, nami nikaomba. Supu ile ilikuwa nzuri sana, na kama si haya ningaliomba bakuli la tatu.

Mtaa wa Kongo haupitiki ila kwa bega. Wakati ule wamachinga walikuwa wametandaza bidhaa zao hata katikati ya njia, na wengi walikuwa na kitambulisho cha serikali walichokilipia shilingi 20,000. Mwaka wa 2021 waliondolewa njiani. Hapo ndipo nilipopata vitenge, robota moja zito, nikahitaji mtu wa kunichukulia mpaka kituo cha Gerezani.

Alikuja mzee. Mimi bila salamu nikamwuliza ni pesa ngapi. Akasimama kimya, mpaka nilipokumbuka nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Elfu tatu." Tukavutana mpaka nikamshusha kwa elfu moja na mia tano, ambayo kwa fedha zetu haikufika shilingi sabini. Nilijiona hodari.

Akaweka ngata kichwani, akajitwika, akaenda. Miguuni alivaa viatu vya mpira wa gurudumu, ambavyo sisi twaviita akala na wao katambuga. Nilimfuata nikiitazama shingo yake ilivyokaza. Penye njia panda mkokoteni ukatupita katikati, na ulipokwisha kupita sikumwona tena. Wasomaji, sitawaficha: jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimeibiwa. Nilikimbia nikisukuma watu, nikimtukana moyoni kwa maneno ambayo walimu wangu wa misheni hawakunifundisha.

Nilimkuta Gerezani, amekalia robota kivulini. Akaniuliza, "Umepotea wapi, mwanangu? Nimekuogopea."

Nikampa elfu tatu. Akahesabu, akanirudishia nusu, akasema tulipatana elfu moja na mia tano. Ilinibidi kumsihi ndipo akazipokea. Nikamwuliza kama anajua kwa nini mahali pale paliitwa Kariakoo. "Ni jina la wabeba mizigo wa vita," akasema, akiikunja ngata yake. "Sasa ni sisi." Mtu mwingine akamwita, akaondoka.

Niliporudi nyumbani baba alinikalisha nje, upande wa kaburi, akataka nieleze yote. Nilimweleza jengo, dagaa, supu, na Mtaa wa Kongo, naye alisikiliza kwa adabu tu. Nilipofika kwa yule mzee aliinua kichwa. Akauliza mzigo ulikuwa na uzito gani, na njia ilikuwa ndefu kiasi gani, nami nikamjibu. Akanyamaza kitambo.

"Alikuwa amevaa viatu?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa amevaa.