Kwikwi ya Gari Katika Njia ya Sekenke

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Shelui huiacha nyuma miamba mikubwa iliyopandana na maji ya ziwa Singidani, akapita Iguguno na Misigiri, kisha huteremka mlima Sekenke kuelekea bonde la Wembere. Siku hizi njia hii ni ya lami. Lakini lami haiponyi gari bovu, kama tulivyojionea tulipowachukua wanafunzi wetu kwenda maulidini Shelui kwa Land Rover kuukuu ya petroli.

Hadi Iguguno mwendo ulikuwa mwema. Mbele kidogo injini ikashikwa na kwikwi: ukikanyaga mafuta yasita, yatikisika, kisha yazima. Tulipopumzika ikawaka, ikaenda, ikarudia yale yale. Hasira zikatupanda. Tukamgeukia kijana wetu aliyetumwa kununua petroli, tukamtuhumu mbele ya wenziwe kwamba amechanganya mafuta ya taa na kula fedha iliyobaki. Aliinama, akasema tu, "Wallahi, Mwalimu, sikufanya."

Misigiri tulifika kwa taabu, tukampata fundi mmoja mtu mzima. Tulimtaka abadilishe plagi. Yeye hakushika hata spana. "Sheikh," akauliza, "laanza lini kusumbua?" Tukamweleza. Akasema: "Injini yataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Plagi ikifa, mtikisiko huwapo tangu unapowasha, wala hautulii kwa kupumzika. Mafuta yaliyochanganywa nayo yangeleta udhia tangu mjini. Gari hili laenda vizuri, lachoka, lapumzika, lapona. Lina kiu."

Akazunguka, akafungua mfuniko wa tangi. Tukasikia hewa ikivutwa ndani, fyuu! Mfuniko haukuwa na tundu. Mafuta yakipungua tangini, hewa hupaswa kuingia na kujaza nafasi yake. Isipoingia, pampu huvuta mpaka ikashindwa, na kabureta hukauka. Gari likisimama, hewa hupenya kidogo kidogo, ndipo hupona kwa muda.

Je, ni nani aliyeununua mfuniko ule? Ni sisi wenyewe, kwa kupenda bei rahisi, baada ya ule wa asili kupotea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi akatupatia mfuniko wenye tundu. Kabla ya kuondoka tulimwita kijana, tukamtaka radhi mbele ya wale wale waliosikia tukimtuhumu. Wakati wa kurudi gari lilipanda Sekenke bila kusita hata mara moja.

Basi enyi vijana, gari likisumbua ulizeni kwanza: laanza lini, wapi, na lapona kwa sababu gani? Fungueni mfuniko kabla ya kununua plagi. Na kwa binadamu mwenzenu ulizeni zaidi, maana plagi iliyotupwa bure hununuliwa nyingine, bali heshima ya mtu haiuzwi dukani.