Bustani ya Miti ya Chagaik, Kericho

Msafiri atokaye mjini Kericho kwa njia kuu iendayo Nakuru huona chai kulia na kushoto, imefunika vilima kama zulia lililotandikwa. Mchai kwa asili yake ni mti, na ukiachwa hukua kama miti mingine. Lakini mashambani hukatwa ukawekwa usawa wa kiuno, ili mchumaji aufikie na kuchuma majani mawili pamoja na chipukizi lake. Mwendo wa kilomita 8 hivi kutoka mjini ipo bustani ya miti ya Chagaik, na huko mambo ni kinyume: miti imeachwa ikue hata ikaziba jua.

Makampuni makubwa ya chai yaliingia Kericho katika miaka ya 1920. Bustani hii ilianzishwa baadaye, katika miaka ya 1940, na mwenye shamba mmoja, Tom Grumbley. Lipo bwawa lenye mayungiyungi, na mbega hukaa juu ya miti. Mwisho wa juma watu huja na vyakula vyao, wakaketi kivulini pamoja na watoto.

Basi hapa pana jambo la kufikiri. Bustani iliyopandwa na mtu mmoja haikupimwa kwa miguu ya mamia. Wakulima wanajua kwamba njia ya ng'ombe haioti jani. Vivyo hivyo mizizi midogo ya mti, ambayo hunyonya maji na kupata hewa, iko karibu na uso wa ardhi. Ardhi ikikanyagwa kila siku hushindiliwa, na maji ya mvua badala ya kuingia hutiririka bondeni. Mti haufi siku ile. Huanza kukauka kileleni, na watu husema umezeeka.

Kwa hiyo, katika kuitengeneza bustani kama hii kwa ajili ya watu wote, yafaa kwanza kuweka vijia, na viti viwe mbali na mashina. Majani makavu yasifagiliwe yote, maana ndiyo blanketi ya udongo. Pili, wageni wasiwape mbega mkate wala peremende. Tumbo la mbega limeumbwa kwa majani, na vyakula vyetu humdhuru.

Tatu, kila mti upewe kibao chenye jina lake kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Kando ya miti ya kigeni ipandwe pia ile ambayo wazee wa Kericho na Bomet waliijua tangu utoto, kama vile emitiot, yaani mzeituni wa mwitu, na tebeswet.

Na kibao kimoja kieleze habari za nchi yenyewe. Kabla ya chai, vilima hivi vilikuwa makao na malisho ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni ilitwaa sehemu kubwa ya ardhi hiyo, na mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wengine watasema kwamba habari ya huzuni haifai mahali pa kupumzikia. La, sivyo. Mgeni ajuaye yu katika nyumba ya nani huketi kwa adabu zaidi. Na mjukuu wa waliohamishwa, akija na watoto wake, hatajiona mgeni katika nchi ya babu zake.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone, hapana budi kwanza atajwe.