Picha isiyofunguka haimsaidii mkulima

Leo tunaweka jembe chini kidogo tuzungumze kuhusu picha. Ukiwa afisa ugani mwenye tovuti, au kijana unayemtengenezea baba yako ukurasa wa shamba, somo hili ni lako.

Msimu uliopita nilimtembelea mama mmoja huko Uru. Buni zake mbichi zilikuwa na madoa meusi yaliyobonyea, na nyingi zilishadondoka. Hiyo ni chulebuni, ugonjwa wa kuvu. Yeye alikuwa amepiga dawa ya wadudu, mara mbili. Nikamuuliza, "Mama, ule ukurasa wangu wenye picha hukuuona?" Akanijibu, "Niliufungua mwanangu. Ulizunguka tu mpaka bando likaisha."

Niliona aibu. Jioni nyumbani Soweto nilizima waifai, nikaufungua ukurasa ule kwa simu ndogo. Ulikuwa na picha nane, kila moja karibu MB 4, kama zilivyotoka kwenye kamera. Jumla MB 32, ili tu mtu aone doa la buni!

Nilirekebisha mambo manne. Yafuate hivi.

Kwanza, punguza picha mara moja tu, siku unayoipakia. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiishusha hadi 1000 kwa 750, inabaki na sehemu moja ya kumi na sita ya pikseli zake, na kwenye simu bado inaonekana vizuri. Ihifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 80 hivi, au kwa WebP, ambayo mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Zangu nyingi sasa hazifiki KB 200.

Pili, usiifanye programu yako kuwa mbeba mizigo. Yangu ya Python ilikuwa ikisoma na kukabidhi kila picha yenyewe. Ni sawa na karani wa chama cha msingi kuacha mzani akabebe magunia: foleni haisogei. Siku hizi Nginx inazitoa picha moja kwa moja kutoka kwenye folda, na programu inabaki na kazi yake.

Tatu, iambie simu ya msomaji itunze picha. Sisi wa mlimani tunajua faida ya nduwa: maji ya mfereji yakikusanywa usiku, asubuhi huendi kuyatafuta tena msituni. Kwenye seva, weka kichwa cha Cache-Control chenye muda mrefu, hata mwaka mmoja. Ila ukibadilisha picha, badilisha na jina la faili, la sivyo msomaji ataendelea kuona ile ya zamani.

Nne, picha za chini ya ukurasa zisubiri mpaka msomaji azikaribie. Kwenye HTML andika loading="lazy", pamoja na upana na urefu wa picha, ili maandishi yasirukeruke.

Tahadhari moja: usibane picha mpaka ukingo wa doa upotee. Mkulima akishindwa kutofautisha chulebuni na kovu la kawaida, umemwokolea bando ukampotezea kahawa. Weka kiungo cha picha kubwa pembeni, na uandike ukubwa wake ili achague mwenyewe. Dalili nazo zieleze kwa maneno, juu kabisa, kabla ya picha yoyote.

Ukurasa wangu sasa ni MB 1 na kidogo. Msimu huu yule mama alinipigia mapema: "Mwanangu, picha zimefunguka. Madoa ni yale yale, ila bado ni machache." Tukaenda pamoja dukani kuchukua dawa ya kuvu.

Kabla hujalala leo, fungua ukurasa wako kwa simu ya bei nafuu, kwa bando lako mwenyewe, ukiwa mbali na waifai ya ofisi. Ukichoka kusubiri, jua mkulima alichoka kabla yako.

Tukutane shambani.